Safu ya Chaki

Mimi ndiye niliyeshika daftari la duka,
kwa hiyo niulizeni mimi.
Mjomba Ndekirwa alishika bisibisi na kopo la mafuta,
na kila asubuhi, kabla mlima haujajitanda wingu,
alishika kipande cha chaki.

Duka lilikuwa karibu na soko la Mbuyuni, Moshi:
mlango mmoja, vyerehani tisa vikingoja tiba,
na nje, ubao wa bati la debe lililonyooshwa kwa nyundo
na kupakwa rangi nyeusi iliyobaki
kwenye jeneza la jirani.

Aliandika kwa mwandiko wa shule ya misheni:
*Uzi ukikatika, usimlaumu muuza uzi.
Badili sindano kwanza. Haifiki mia tano.
Ikikataa, ndipo uje.*

Mimi nikahesabu wasiokuja.

“Mjomba, unawapa watu mkate wako mdomoni.”
“Huo ni ukoko,” akajibu, “mkate uko ndani.”
Fundi Kileo wa ng’ambo ya barabara
alikuja na soda yake kila Jumatatu
kusoma na kucheka, kucheka na kusoma.
Nikaona midomo yake ikikariri.

Chaki, pakiti moja: nimeandika.
Rangi, mara ya pili: nimeandika.
Kwenye safu ya mapato, sikuandika kitu.
Mwaka wa kwanza hivyo. Wa pili hivyo.
Mvua za masika zikafuta, akaandika upya,
kama mtu anayemwagilia mawe.

Kisha ile wiki ya aibu.
Aliandika: *Cherehani ikiwa nzito, osha kwa mafuta ya taa.*
Akaishia hapo. Wateja walikuwa wanamwita, au alisahau, sijui.
Siku ya nne mashine ya mtu ikakaza kama taya la mgonjwa wa pepopunda.
Nikamwambia, futa tu, nani atajua?
Hakufuta. Aliongeza chini, herufi kubwa kuliko zote:
*NILIKOSEA. Ukishaosha, kausha, kisha tia mafuta ya cherehani.
Uliyeharibikiwa kwa neno langu, lete. Hulipi.*

Zikaja tatu. Moja, naapa, ilikuwa imekufa
kabla mjomba hajajua kuandika.
Akazitengeneza zote.
Nikaandika kwa wino mwekundu: hasara.

Sasa sikilizeni kilichonishinda.

Alishuka mama mmoja kutoka Kibosho,
Aisaria jina lake, cherehani kichwani juu ya kata ya khanga,
jasho hadi kwenye viatu.
Njiani alipita mafundi wanne; niliwahesabu,
kuhesabu ndiyo kazi yangu.
Nikamuuliza, mama, nani kakuelekeza?
Akanitazama kama mtoto aliyeuliza jua linatokea wapi.
“Nauza ndizi hapo kona. Nausoma ubao huu mwaka wa tatu.”
“Na muda wote huo hukuleta kazi?”
“Sikuwa na cherehani, baba. Nimeinunua juzi.”

Akaishusha mbele ya mjomba, hakuuliza bei.
“Wewe ndiye uliyesema ulikosea,” akamwambia,
na wakaanza kuzungumza mambo ya chembe na bobini
kama watu waliosoma darasa moja.

Usiku ule nilifungua daftari.
Elfu nane, matengenezo: hiyo ina mahali pake.
Lakini ile miaka mitatu aliyosimama na beseni la ndizi kichwani,
akisoma, bila cherehani,
niiweke safu gani?
Nilichora mstari mpya, nikauita Chaki,
upande wa matumizi nikajaza,
upande wa pili nikaacha wazi. Upo wazi hadi leo.

Macho ya mjomba yameingia ukungu.
Ubao naandika mimi, mwandiko wa kuku,
naye amekaa kwenye stuli ananisomesha kwa sauti.
Jana mteja aliniuliza jambo la mashine za umeme
nisilolijua. Nikaishika chaki, nikasita,
Kileo ananitazama na soda yake.

Nikaandika: *Hili sijui. Nitauliza, rudi Alhamisi.*

Leo ni Jumatano.
Wameshapita wawili kuulizia kama ni kesho.